Wahindi wa Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho hupita kwanza katika misitu na ubaridi wa Mau, kisha nchi humgeukia sura kwa ghafula. Pande zote mbili za barabara huona michai iliyopogolewa sawasawa, imepanda vilima na kushuka mabondeni mpaka macho yachoke kuifuata. Mvua hunyesha huko karibu kila alasiri, na wenyeji hawaishangai. Akiingia mjini Kericho, msafiri huyo ataona jengo kubwa la ibada ambalo si kanisa wala si msikiti. Ni gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, na wako wasemao kwamba katika Afrika nzima hakuna iliyo kubwa kuipita.

Msomaji, jiulize jambo hili limekuwaje. Wakipsigis, ambao ndio wenye nchi, hawafuati dini ya Guru Nanak. Makampuni yaliyopanda chai yalikuwa ya Waingereza. Waliochuma majani walikuwa Wakipsigis, Waluo, Wakisii na Waluhya. Katika hesabu hiyo Singasinga haonekani. Hakumiliki shamba la chai, hakubeba kikapu mgongoni, wala hakukaa katika kiti cha mkuu wa wilaya. Hata hivyo nyumba yake ya ibada imesimama pale, na mtu asiyejua sababu yake hawezi kudai kwamba anaijua historia ya Kericho na Bomet.

Insha hii yahusu watu waliotoka Bara Hindi wakakaa katika nchi ya chai. Kwa desturi ya lugha yetu nitawaita Wahindi wote pamoja, ijapokuwa baadhi yao walitoka sehemu ambazo tangu mwaka 1947 zimekuwa Pakistan, na ijapokuwa wao wenyewe walijua vema tofauti ya Mgujarati na Mpunjabi, ya Mwislamu na Mbanyani na Singasinga. Nataka tutazame jinsi desturi zao za nyumbani zilivyokuwa ndizo mtaji wao wa kwanza, na jinsi desturi zile zile zilivyowajengea ukuta uliowagharimu baadaye.

Tuanze na reli, maana hapo ndipo wengi huanza, na wengi hukosea. Serikali ya Uingereza ilianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, na ilipofika Disemba 1901 njia ilikuwa imegusa ufuko wa Ziwa Nyanza, mahali tunapopaita Kisumu. Kwa kazi hiyo waliletwa kwa mkataba watu karibu 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa, wengine kwa maradhi, wengine kwa ajali, na wachache, ambao ndio wanaokumbukwa zaidi, kwa meno ya simba wa Tsavo. Waliobaki baada ya mkataba hawakufikia 7,000. Waliosalia walirudi kwao. Kwa hiyo si kweli kwamba kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa kibarua wa reli. Wengi walikuja baadaye kwa nauli yao wenyewe, na wa pwani walikuwako karne nyingi kabla ya reli kufikiriwa. Walilofanya vibarua wale ni kufungua njia, na njia hiyo ilipita ukingoni mwa nchi ya Wakipsigis, katika stesheni za Londiani na Lumbwa. Stesheni ya Lumbwa leo yaitwa Kipkelion. Mzigo wa Kericho ulishukia hapo, ukapanda mlima kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Nyuma ya reli lilikuja duka. Huenda umesikia jina la Allidina Visram, mtu wa Kutch aliyevuka bahari angali kijana mdogo, akaanza kazi Bagamoyo, na alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa kutoka pwani mpaka Uganda. Habari zake husimuliwa kama habari za mtu mwenye bahati. Mimi naona bahati ilikuwa ndogo na utaratibu ulikuwa mkubwa, na utaratibu huo ndio tunaopaswa kuuchungua, kwa sababu wenye maduka wengi wasio na jina waliufuata vivyo hivyo.

Ulikwenda hivi. Kijana wa kijijini Gujarat aliandikiwa barua na ami yake au mjomba wake aliyetangulia Afrika. Alipofika hakupewa mshahara. Alipewa chakula, mahali pa kulala juu ya magunia, na kazi ya kufungua duka alfajiri na kulifunga usiku. Akajifunza Kiswahili cha kupimia sukari, kisha lugha ya wenyeji. Baada ya miaka michache, kama alionekana mwaminifu, mkubwa wake alimpa mali kauli, yaani bidhaa alizozichukua bila kulipa mpaka azikwishe kuuza, akaenda kufungua duka lake mbele zaidi, mahali ambapo hapakuwa na duka. Mkubwa mwenyewe alikuwa amekopeshwa na mwenye ghala wa Kisumu au Nakuru, na mwenye ghala amekopeshwa na tajiri wa Mombasa, na tajiri wa Mombasa ana jamaa Bombay. Mnyororo huo mrefu haukuandikwa kwa wakili. Haukuwa na rehani ya shamba wala nyumba. Uliunganishwa na jina. Kijana akikimbia na mali, si yeye peke yake aliyeaibika. Dada yake hakupata mchumba na baba yake hakupata mkopo tena.

Tazama basi, ewe msomaji, desturi inavyoweza kufanya kazi ya benki. Jamaa wa Kihindi walioishi pamoja, baba na wana na wake za wana, chungu kimoja na sanduku moja la fedha, wazungu wa zama zile waliwaona kuwa watu wa kale wasioendelea. Lakini chungu kimoja maana yake ni kodi moja na moto mmoja. Familia ililala nyuma ya duka. Mama alipika, akashona nguo za kuuza, na mume akisafiri alisimama yeye kwenye mizani. Jina lake halikuandikwa katika leseni, na katika vitabu vya historia huonekana kwa shida, lakini faida ya duka ilitoka kwa sehemu kubwa katika kazi yake isiyolipwa.

Kitu gani kiliuzwa? Chumvi, sukari, blanketi, shuka, sufuria, majembe, mafuta ya taa, kiberiti. Kitu gani kilinunuliwa? Ngozi za ng'ombe na mbuzi, na baadaye mahindi. Hesabu ilifanywa kwa rupia, kwa kuwa mpaka mwaka 1920 fedha halali ya nchi hii ilikuwa rupia ya Bara Hindi. Lugha yetu ingali imehifadhi mabaki ya soko hilo. Pesa ni neno la Kihindi. Gari ni neno la Kihindi. Kadhalika laki, bima, bepari, na chapati unayoila siku ya sikukuu. Maneno hufuata vitu, na anayetaka kujua nani alikileta kitu fulani aanze kwa kuliuliza jina lake.

Sasa yatupasa kuuliza kwa nini mtu mwenye bidii kama hiyo hakununua shamba. Bara Hindi ni nchi ya wakulima. Wapunjabi hasa ni watu wa ngano na ng'ombe, na ardhi ya Kericho ingewapendeza. Jibu ni kwamba walikatazwa. Mwaka 1908 Lord Elgin, aliyekuwa Waziri wa Makoloni huko London, aliandika kwamba ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikampa gavana uwezo wa kuzuia hata uuzaji kati ya mtu na mtu wa rangi nyingine. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa tangazo lililosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia katika Kenya. Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini tangazo lilo hilo liliacha nyanda za juu mikononi mwa wazungu kama kwanza.

Ukisimama ukingoni mwa mlima upande wa magharibi wa Kericho siku isiyo na mawingu, utaiona chini yako bonde la Nyando, tambarare na lenye joto. Huko Kibos na Miwani serikali iliwaruhusu Wahindi kulima, nao wakapanda miwa na kujenga kiwanda cha sukari. Juu baridi na chai ya Mzungu. Chini joto, malaria na miwa ya Mhindi. Ramani ya rangi za watu iliyochorwa katika ofisi ilikuwa imefuata mistari ya vimo vya mlima.

Nisiache kusema kwamba ardhi ile iliyokatazwa Mhindi haikuwa tupu. Wakipsigis walishambuliwa na jeshi la serikali katika Sotik mwaka 1905, kisha sehemu kubwa ya malisho yao ikakatwa ikawa mashamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ekari kama 25,000 karibu na Kericho zilitolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, wakashindwa. Ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis. Iliingia mikononi mwa kampuni ya James Finlay katikati ya miaka ya 1920, wakati ule ule ambapo Brooke Bond nao walikuwa wakianza mashamba yao. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ulioogopwa na serikali kwa sababu ya uwezo wake juu ya watu, ulihamishwa kwa sheria maalumu ukapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, mahali pa mbung'o na malaria. Mhindi alinyimwa kununua. Mkipsigis alinyang'anywa alichokuwa nacho. Msomaji asiyapime mambo hayo mawili kwa ratili moja.

Chai yenyewe ilikuwa mgeni kama wengine. Mbegu zilizopandwa Limuru mwaka 1903 zilitoka Bara Hindi, na makampuni ya Kericho yalileta huku maarifa waliyoyapata Assam na Ceylon. Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa. Katika Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na katika Assam, wenye mashamba waliwahamisha watu kutoka mbali, wakawaweka katika safu za nyumba ndogo, watoto wakazaliwa vibarua kama baba zao. Huku Kericho hawakuleta vibarua wa Kihindi kuchuma chai. Waliwatumia Waafrika kwa ujira mdogo. Mhindi alihitajiwa kwa kazi nyingine: ukarani, useremala, uashi, na hasa kazi ya chuma.

Hapo ndipo Singasinga alipopata nafasi yake. Kiwanda cha chai hakingoji. Jani lililochumwa asubuhi lisipokaushwa na kusagwa kwa wakati huharibika, na mashine ikivunjika mkanda saa nne za usiku hakuna wa kuagiza fundi kutoka Glasgow. Mafundi wa Kipunjabi walijenga nyumba za viwanda, wakaunda mabodi ya magari, wakatengeneza mabehewa, wakaweka vinu vya kusagia vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mito. Vinu hivyo vina habari yao, nayo yanipendeza. Mashamba ya chai yalihitaji unga wa kuwalisha vibarua. Wakipsigis wakaona kwamba mahindi yana soko mlangoni, wakapanda kwa wingi. Mwanzoni mwenye duka wa Kihindi alinunua mahindi na kuyapeleka shambani, faida ikabaki kwake. Muda si muda Wakipsigis wakaanza kuchanga fedha na kumiliki vinu wao wenyewe kando ya mito yao. Fundi aliyekiweka kinu aghalabu alikuwa Mhindi, mwenye kinu alikuwa Mkipsigis. Mahali hapo mbili hizo zilikutana kama watu wa kazi moja, jambo ambalo sheria za koloni hazikulitazamia.

Mmoja wa mafundi wa Kericho alikuwa Puran Singh, mtu wa Punjab aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1916. Alikuwa na karakana mjini, na wakati huo huo alikuwa mtu wa ibada, aliyeheshimiwa na Masingasinga wa nchi nzima wakamwita Sant, yaani mtakatifu, na Baba. Kwa mafundisho ya dini yake kazi ya mikono si laana wala si jambo la watu duni. Mtu hupaswa kulikumbuka jina la Mungu, kula jasho lake, na kugawana na wengine. Nakuomba ulitafakari hili, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Bara Hindi desturi ya matabaka ilimdharau mtu wa nyundo na msumeno. Dini ya Guru Nanak ilikataa dharau hiyo tangu mwanzo, ingawa wafuasi wake wenyewe hawakuiacha kabisa. Huku ng'ambo, mbali na macho ya kijiji, fundi aliyekuwa wa chini nyumbani alipata fedha, akasomesha watoto, akajenga nyumba ya ibada yenye jina lake.

Mtoto mwingine wa Kericho ni Joginder Singh. Alizaliwa hapo mwaka 1932, katika nyumba ya watoto kumi. Akawa fundi wa magari, kisha dereva, na mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo lililokwisha kutumika, alishinda mashindano ya Safari. Akarudia kushinda mwaka 1974 na mwaka 1976. Kenya nzima ilimshangilia mtu mwenye kilemba akiendesha katika matope, na kwa vijana wengi waliokaa juu ya matuta ya barabara kumngoja apite, huyo alikuwa Singasinga wa kwanza kumpenda.

Nimetaja mapenzi, basi ni haki nitaje na chuki. Wenyeji wengi hawakumpenda mwenye duka. Walisema mizani yake huegemea upande wake, kwamba hununua mahindi rahisi wakati wa mavuno na kuwauzia wenyewe ghali wakati wa njaa, na kwamba kijana wa Kipsigis angeweza kufagia duka miaka ishirini asifundishwe kamwe kitabu cha hesabu. Malalamiko mengine yalitiwa chumvi, lakini hilo la mwisho lilikuwa kweli mara nyingi. Na sababu yake ni ile ile niliyoisifu hapo juu. Mali kauli ilitolewa kwa jina la ukoo, na Mkipsigis hakuwa katika ukoo. Serikali nayo iliongeza kufuli la pili, kwa kuwa sheria za koloni zilifanya iwe vigumu kumdai Mwafrika deni kubwa mahakamani, ati kwa kumlinda; matokeo yake hakuna mwenye ghala aliyetaka kumkopesha. Desturi ilifunga mlango kwa ndani na sheria ikaufunga kwa nje. Mshahara pia ulipangwa kwa ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama wote watatu walishika spana moja. Mtu wa katikati huonekana na wa chini kila siku, lakini wa juu humwona mara chache. Kwa hiyo hasira nyingi zilimwangukia yule aliyekuwa karibu.

Walikuwako Wahindi waliouona ukuta huo wakajaribu kuubomoa. Makhan Singh, Singasinga wa Nairobi, aliunda mwaka 1935 chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa kila rangi, na Aprili 1950 akasimama mbele ya mkutano Kaloleni akataka uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Serikali ilimweka kizuizini miaka kumi na moja. Lakini wengi hawakumfuata. Walitoa michango kujenga shule, na shule zilikuwa za watoto wao. Walijenga zahanati na kumbi, nazo zilikuwa za jamaa zao. Miongoni mwa Maismailia Aga Khan aliwahimiza wafuasi wake wasomeshe binti zao sawa na wana, akisema kwamba kama mzazi hana fedha za wawili amtangulize binti. Chombo cha mikopo kilichoundwa baada ya sherehe za almasi za mwaka 1946 kilisaidia familia nyingi kununua nyumba. Kwa njia hiyo desturi ilibadilika kwa haraka ndani ya ukuta, wasichana wakasoma, mavazi yakageuka, ndoa za utotoni zikaachwa. Ukuta wenyewe haukuguswa.

Uhuru ulifika tarehe 12 Disemba 1963. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilikuwa imeonyesha Waasia 176,613 katika Kenya. Sheria ilimpa mtu asiyepata uraia kwa kuzaliwa miaka miwili ya kuamua: aombe uraia wa Kenya, au abaki na pasi yake ya Kiingereza. Wengi walisitasita. Ni rahisi kwetu sasa kuwalaumu, sisi tunaojua yaliyofuata. Mzee aliyekaa Kericho miaka arobaini alikuwa na wasiwasi na serikali mpya, na pasi ya Kiingereza aliiona kama mwavuli: si lazima kuufungua, lakini si vema kuuacha nyumbani. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya leseni za biashara. Mtu asiye raia alizuiwa kufanya biashara nje ya sehemu maalumu za miji fulani, na baadhi ya bidhaa za kila siku akakatazwa kuziuza. Wenye maduka ya mashambani, katika masoko madogo ya Sotik, Bomet na Litein, ndio sheria hiyo iliyowalenga. Wakaanza kwenda Uingereza kwa ndege. Uingereza nayo, ilipoona wanakuja, ilifunga mlango wake kwa sheria iliyopitishwa kwa siku chache tu na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Mwavuli ulipofunguliwa ulikutwa umetoboka. Hesabu ya mwaka 1969 iliwakuta Waasia 139,037.

Maduka yalinunuliwa na Wakipsigis na Waafrika wengine. Baadhi yao walifanikiwa, wengine walifilisika upesi, na kufilisika kwao kuliwapa wasioipenda Afrika nafasi ya kucheka. Wasingecheka kama wangefahamu kwamba mwenye duka mpya alinunua rafu na paa, lakini hakununua mnyororo wa mikopo uliofika mpaka Bombay. Huo haukuwa wa kuuzwa. Wakati huo huo, hata hivyo, jambo kubwa zaidi lilikuwa likitokea shambani. Waafrika, waliozuiwa kupanda chai mpaka miaka ya 1950, walipata mwaka 1964 shirika la KTDA la kusimamia chai ya wakulima wadogo, na viwanda kama Litein, Kapkoros na Mogogosiek vikaja kupokea majani kutoka mashamba ya nusu ekari na ekari moja. Mama wa Bomet mwenye michai yake nyuma ya nyumba hakuhitaji duka la mtu kumpa mkopo; jani lenyewe lilikuwa dhamana.

Puran Singh alihamia Birmingham mapema katika miaka ya 1970, pamoja na Masingasinga wengi wa Afrika ya Mashariki. Huko walianzisha jumuiya ya ibada na huduma inayojulikana mpaka leo. Alifariki mwaka 1983. Na jambo la kuangaliwa ni hili: waumini wake, ambao wengi wao hawajauona mlima hata mmoja wa Kenya, humtaja kwa Kipunjabi kuwa mtu wa Kericho. Jina la mji wa Wakipsigis hutamkwa katika sala za viwandani mwa Uingereza.

Waliobaki Kenya ni wachache. Hesabu ya mwaka 2019 iliwapata Waasia karibu 90,000, zaidi kidogo ya nusu yao wakiwa raia. Julai 2017 serikali iliwatangaza Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44 la nchi. Wengine walifurahi. Wengine waliuliza, na swali lao ni la haki, kama Mgujarati wa Kijaini na Singasinga na Bohora ni kabila moja.

Uhusiano wa chai na Asia ya Kusini haukukatika, bali umegeuka upande. Mashine za kusaga na kurarua jani zinazotumika katika viwanda vingi vya Kenya zilibuniwa Assam karibu na mwaka 1930. Mnada wa chai, uliohamishwa kutoka Nairobi kwenda Mombasa mwaka 1969, humpata mnunuzi wake mkubwa kwa miaka mingi katika Pakistan, ambako chai ya Kericho huchemshwa na maziwa kama inavyochemshwa Kericho. Na mwaka 2023 mashamba ya Finlay yalinunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Lord Elgin asingeamini masikio yake. Lakini Wakipsigis na Talai, ambao mwaka 1922 walikuwa wameshapoteza malisho, na mwaka 2022 walipeleka madai yao dhidi ya Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wana sababu ya kuuliza kwa nini hati ya ardhi hiyo hupita kutoka London kwenda Colombo bila kusimama kwao. Wakati wa mauzo ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa zitatengwa kwa ajili ya ushirika wa wenyeji. Asilimia 85 ni nyingi kuliko 15, na mtoto wa darasa la nne ajua hivyo.

Ukienda Kericho, ingia katika gurudwara. Utavua viatu mlangoni, na utafunika kichwa kwa kitambaa. Desturi ya Masingasinga ni kwamba jiko la nyumba ya ibada hulisha kila ajaye, bila kuuliza dini yake wala kabila lake, na wote huketi sakafuni sawasawa. Utapewa dengu na chapati, na chai ya maziwa iliyotiwa viungo. Waangalie wanaokaa kando yako, nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, kisha utazame nani ameshika birika.